"Kidogo Tu": Neno lililomwacha Mwalimu Kola nyuma

Saa moja asubuhi, pasi nane zimeshapata moto. Mwanamke mfupi, gauni lake halina kunyanzi hata moja, anapita nyuma ya wanafunzi wake. Anachovya vidole kwenye kopo la maji, anarashia shati moja jeupe, kisha jingine.

"Ukosi kwanza," anasema. "Toka ncha kuja katikati. Ukianzia katikati, kunyanzi zote zinakimbilia nchani, na nchani ndiko tajiri anakotazama."

Mashati ni manane, yale yale, mwaka wa sita sasa. Yakishanyooka, anayakunjakunja kwa mikono yake mwenyewe, anayatupa mezani, na kazi inaanza upya.

Hapa ni kituo kinachowaandaa wanawake wanaotafuta ajira katika nchi ya kigeni. Mwalimu mwenyewe, kwa sababu ya ukosi, wanamwita Mwalimu Kola. Wanawake mia tatu na kumi na wawili wamepita mikononi mwake wakapanda ndege. Yeye ndege anaiona ikipita juu ya paa.

"Nawavusha, mimi nabaki," anasema, na anacheka peke yake.

Kabla ya mapumziko kuna somo ambalo halimo kwenye ratiba. Mwalimu Kola anasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unajua kupiga pasi?"

"Najua!" wanaitikia.

"Kidogo?"

"Najua sana!"

Atakayeteleza akasema "kidogo" hupigwa faini ya kunyoosha shuka mbili, zile pana za hospitali. Wageni hudhani ni mzaha. Mwalimu Kola hafanyi mzaha na neno hilo, maana ndilo lililomponza.

Miaka sita iliyopita, kampuni moja ya ng'ambo inayofua nguo za hoteli ilimtuma mtu wake kuja kuajiri wanawake kumi. Wakati huo Mwalimu Kola alikuwa amempigia pasi fundi cherehani kwa miaka kumi na mmoja. Wifi yake, dada wa mumewe, hakuwa na ujuzi wowote. Wiki hiyo hiyo alikuwa ameunguza suruali ya kaka yake, tena matakoni. Jioni ya kuamkia usaili, Mwalimu Kola alimfundisha kazi nzima juu ya meza ya kulia.

Asubuhi yake msaili aliuliza, kupitia mkalimani: unajua kupiga pasi?

"Nikamjibu, 'Kidogo tu,'" anakumbuka. "Mtu mwenye adabu zake angesema nini? Nimelelewa nikiambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata fundi wangu, na ufundi wake wote, ukimuuliza anakwambia anabahatisha tu. Kumbe mwenzangu anaandika!"

Aliandika kweli. Kwenye fomu aliweka alama penye kisanduku cha "kidogo". Wifi mtu, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alisema anajua sana. Akaajiriwa.

Nyumbani kwake, vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli ya mumewe, mwandishi anamuuliza kwa upole kama wivu upo.

"Ninao," anajibu kabla swali halijaisha. "Andika hivyo hivyo, usinipambie. Ninao wa kugawa, na nikigawa unabaki."

Mshahara wa wifi wa mwezi mmoja, anasema, ni wake wa miezi saba. Lakini kinachomnyima raha zaidi ni picha. Anatoa simu, anafungua picha ya mwanamke aliyevaa sare ya buluu, anaivuta kwa vidole viwili mpaka unabaki ukosi peke yake.

"Tazama ncha ya kushoto. Si imejikunja? Na huyu ndiye msimamizi wa watu arobaini! Ndiyo maana wakasema maskini akipata..."

Usemi uliobaki anaumeza, maana mtoto ameingia.

Mtoto huyo ni binti wa wifi. Ana miaka minane. Aliachwa akiwa na miwili. Mwalimu Kola, ambaye hakujaliwa kuzaa, ndiye aliyemlea, na ndiye anayeitwa mama humu ndani. Yule wa ng'ambo mtoto anamwita Mama wa Simu.

Mwezi uliopita kampuni ile ile ilileta tangazo jipya kituoni. Inataka wanawake ishirini, na mwalimu mmoja wa kuwafunza wapya kazini. Mwisho wa umri ni miaka arobaini na mitano. Mwalimu Kola ana arobaini na minne na miezi tisa. Akikosa safari hii, basi tena.

Usaili ungefanyika kwa video, na mkalimani angekuwa msimamizi kutoka huko huko. Yaani wifi.

"Siku tatu chakula hakipiti," anasema. "Nikapimwe na yeye? Niliyemshika mkono nikamwonyesha pasi inashikwa wapi?"

Jumanne, saa nne asubuhi, anakaa mbele ya kompyuta ya ofisi. Kwenye kioo yupo bosi, mwanamume mwenye kipara, na pembeni yake wifi. Wanafunzi wamejazana dirishani. Bosi anasema maneno machache.

"Anauliza," wifi anatafsiri, macho chini, "unajua kupiga pasi?"

Mwalimu Kola anafungua mdomo. Jibu amewafundisha watu mia tatu na kumi na wawili. Anamtazama wifi yake, na kujisifu mbele yake kunamshinda.

"Kidogo tu," anasema.

"Faini!" sauti inapasuka dirishani, na mwenye nayo anazibwa mdomo na wenzake.

Wifi anainua macho. Kisha anamgeukia bosi na kuzungumza, tena kwa muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyostahili. Bosi anauliza kitu. Wifi anajibu. Bosi anacheka, anaandika.

"Nikajua amenimaliza," anasema Mwalimu Kola.

Jioni ukaja ujumbe wa sauti. Anaufungua mwandishi asikie.

"Wifi, nimemwambia kwetu anayejua kweli ndiye anayesema kidogo. Akaniuliza, na anayesema anajua sana? Nikamwambia, huyo ni mimi. Umepata kazi." Sauti inashuka. "Miaka sita nakuonea wivu, wifi. Nikipiga simu namsikia mwanangu anakuita mama, nakata, naenda kulia chooni. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na sisaini tena. Wewe njoo. Mimi narudi, na mimi nikaitwe."

Mwalimu Kola anasema aliusikiliza mara nne. Mara mbili za kwanza alicheka kwa furaha. Ya tatu alikaa chini.

"Sikujua nina kitu cha kuonewa wivu," anasema. "Sasa nimejua, na nimekijua wakati wa kukiacha. Atakuja, atampeleka shule, atamjulia anachopenda kula. Wiki mbili tu, mtoto atakuwa ameshamzoea. Umeona mambo? Wivu haujatoka, umehama chumba."

Mkataba ameshasaini, wa miaka miwili. Anasafiri katikati ya mwezi ujao. Akirudi, anataka kufungua shule yake mwenyewe ya pasi, na kibao cha mlangoni ameshakitunga: Hapa Tunajua Sana.

Mezani, binti amepanda kigoda, anapiga pasi shati lake la shule. Ukosi kwanza, toka ncha kuja katikati.

"Mama," anauliza bila kuinua kichwa, "ukienda, wewe ndiyo utakuwa Mama wa Simu?"

Mwalimu Kola analichukua shati, anaitazama ncha ya kushoto, haina kasoro. Hata hivyo anaipitisha pasi tena, polepole.

"Kidogo tu," anamjibu.