Magamba kwenye Kaburi la Elida

Shemeji yangu Castory ni msomi wa kuokoteza. Darasa la saba tu, lakini miaka kumi na minane aliwabebea wataalamu wa miamba vyombo vyao kwa boti, kutoka Kagunga mpaka huku kwetu Ilagala, na kila walichosema akakibeba pia. Ukikaa naye kwa chai, umekwisha! Atakwambia bara hili linachanika taratibu kama kanga kuukuu, kwamba ufa ulianza mamilioni ya miaka iliyopita, maji yakaujaza, ndilo Ziwa Tanganyika hili lenye kina kinachopita kilometa moja. Dada yangu Elida, mkewe, alikuwa anamkatiza: "Mzee, ufa tumeuelewa. Kuni je?"

Elida alifariki mwaka 2016. Nilitaka azikwe juu mlimani, kanisani. Castory akakataa katakata: atalala kiwanjani kwao ufukweni, karibu na pale alipokuwa akianika dagaa. Wachimbaji walipofika kina cha kiuno wakaanza kutoa magamba ya konokono wa ziwani, meupe, tele. Mmoja wao, Bonifasi, akaegemea sepetu. "Mzee, haya yamefikaje huku?"

Basi mtu na msiba wake akaanza somo! Zamani ziwa lilifika hapa, akasema. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo, na mlango huo uliwahi kuziba kwa tope na majani. Maji yakapanda mpaka yakauzibua, kisha yakashuka miaka na miaka, yakaacha haya magamba. "Limeshaondoka hilo. Chimbeni."

Moyoni nilijiuliza, kama liliweza kufika, nani kalizuia lisirudi? Lakini mbele za watu, mbele ya maiti ya dada yangu, ningebishana na mfiwa? Ninajuta mpaka leo.

Likarudi. Mvua za mwaka 2020 zilimeza sehemu ya kuanikia dagaa. Mwaka 2023 maji yalikuwa hatua kumi kutoka kaburini. Nikamwambia, shemeji, tumhamishe, padri amekubali, Bonifasi yuko tayari. Akasema tusubiri kiangazi, maji hushuka kiangazi. Kweli yalishuka, kiganja kimoja. Akafurahi kama mtoto, na mimi, mjinga, nikafurahi naye.

Masika ya 2024 hayakutupa nafasi. Mwezi wa tano tulisimama wawili juu ya tuta, mbele yetu, palipokuwa na kaburi, maji matupu.

"Haya, mwalimu," nikamwambia kwa hasira, "litaondoka lini?"

"Kwa umri wa ziwa ni kesho tu, shemeji."

"Na kwa umri wetu?"

Alivua viatu, akaingia majini mpaka kifuani, akawa anapapasa chini kwa mguu akitafuta msalaba wa saruji. Nilimwita atoke. Akasogea kidogo kushoto, akapapasa tena.