Anselmi na Mawe Yaliyokataa Kuyeyuka

Mwanangu Anselmi nilimbeba miezi kumi na minne. Wakunga walimwita atoke, akakataa mpaka ahakikishiwe kwamba nje kupo. Hajabadilika. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono mlangoni kwanza, kisha anaulamba. Analima njegere hapa Nyandira miaka zaidi ya arobaini, na kila msimu anafukua mbegu aone kama kweli zinaota. Nusu hufa kwa kuchunguliwa.

Mtu wa namna hii ndiye mjomba wa Jesca, mtoto wa binti yangu Yustina wa kule Kilakala. Na katika ukoo wetu mtoto ni wa upande wa mama, haendi safari ndefu mpaka mjomba amnyunyizie maji kifuani na kusema, "Nenda." Mimi niliyemzaa huyo mjomba sina kauli. Nimelalamika hata kwa waliokufa, hawajanijibu.

Jesca alikuwa anaondoka Jumamosi kwenda kusoma ng'ambo. Alhamisi akapanda mlimani kufuata maji yake, akaniletea na zawadi, sufuria ya presha. Akamkuta mjomba wake kwangu, anakunywa chai.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unakwenda kusomea nini huko?"

"Mawe, mjomba. Yanavyoyeyuka ndani kabisa ya dunia."

Angenyamaza hapo tungekula tukalala. Lakini naye ana damu yetu. Akaongeza kwamba kule chini kuna joto kushinda tanuri lolote, na bado mawe mengi ni magumu vilevile.

Anselmi akaweka kikombe chini. "Samli ikipata moto?"

"Inayeyuka."

"Nta?"

"Inayeyuka."

"Sasa jiwe limepata wapi ujeuri?"

"Limebanwa, mjomba. Limekaliwa na mawe mengine, maili kwa maili. Ili liyeyuke linataka kutanuka, na pale halina pa kutanukia. Basi linahitaji joto kali zaidi kabla halijakubali."

"Mtoto mwongo simnyunyizii maji. Atatuaibisha ugenini."

Machozi yakamlenga Jesca. Nami niliutazama mwiko, nikakumbuka kwamba Anselmi ana miaka sitini na mmoja, nikauacha. Kwa shida.

Ijumaa asubuhi Anselmi bado amenuna. Nikasema basi tupike. Sasa, maharage ya huku juu hayaivi, yanazeeka. Mlima ni mrefu, maji yanachemka upesi kabla hayajapata moto wa maana. Yapo niliyoinjika siku ya arusi yangu. Marehemu mume wangu aliondoka akiyasubiri. Jesca akayatia kwenye ile sufuria, akakaza mfuniko, akaweka kichuma kizito juu ya tundu la mvuke.

Anselmi hawezi kukaa mbele ya kitu kilichofunikwa.

"Funua nione."

"Haifunuliwi, mjomba."

"Nionje moja tu."

"Subiri."

Akazunguka mafiga kama tetea anayetafuta pa kutagia. Hatimaye Jesca akaitua sufuria chini, mbali na moto, ipoe. Alipogeuka kunawa mikono, mzee mzima akaokota kijiti akakinyanyua kile kichuma.

Mama yangu! Mvuke ukapiga mluzi, kofia yake ikaruka, naapa ilipita juu ya kanisa. Na ndani ya sufuria, pale pale chini, maji yakaanza kuchemka kwa kishindo.

"Nani ametia kuni?" akauliza, amejibanza nyuma yangu.

"Hakuna, mjomba. Maji yale yalikuwa moto kuliko yanayochemka kwenye chungu cha bibi, ila yalibanwa yakatulia. Wewe umepunguza mbano tu. Na jiwe la moto likipanda juu, mbano ukapungua, huweza kuyeyuka hivyo hivyo bila kuongezewa moto."

Anselmi akainama, akatafuta moto chini ya sufuria. Hapakuwa na hata kaa moja. Akala sahani tatu za maharage laini.

"Na huko chini," akasema mwisho, "nani alifunua akaona?"

"Ndiyo ninakwenda kujifunza, mjomba. Wanavyojua bila kufunua."

"Ukirudi utanieleza."

Akachukua kata ya maji, akachovya kidole ahakikishe ni maji, akamnyunyizia. "Nenda. Ila sufuria naihamishia kwangu. Sijamaliza kuichunguza."

Sufuria yangu! Nimerudi kwenye chungu. Yale maharage ya arusi yangu, nimeonja moja leo. Bado kidogo.