Ijumaa Tuliyoingia Kanisani Uswidi

Tuliambiwa kwa simu, "Baridi ni nguo tu, vaeni." Tukavaa. Haki ya Mungu tulivaa, mpaka rafiki yangu wa Kampala akashindwa kukunja magoti na ikabidi nimfunge kamba za viatu kama mtoto wa chekechea. Na bado, siku ya kumi ya likizo, tulikuwa sebuleni kwa mwenyeji wetu tumebandika viganja kwenye bomba la kupasha nyumba joto, tunahesabu siku zilizobaki. Zilikuwa tatu: Alhamisi, Ijumaa, na Jumamosi ya kupanda treni kwenda uwanja wa ndege.

Ngoja niwaeleze sisi ni akina nani. Doha, kule Qatar, tulikuwa watatu katika chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, juu ya fundi cherehani. Mimi ni nesi, mtu wa Voi. Huyu wa Kampala ni msimamizi wa usafi hotelini, na haingii nyumba ya mtu bila kukagua shuka. Wa tatu, mwenyeji wetu, mzaliwa wa Kisii, alikuwa nesi pamoja nami, wodi moja, hadi alipopata njia ya kwenda Uswidi. Huko akaangukia mji mdogo wenye kanisa moja, duka moja la vyakula na theluji isiyokwisha, akawa anafanya kazi katika kituo cha kulelea wazee huku akisoma lugha yao ili siku moja apewe leseni ya unesi.

Kitanda chake Doha tulikataa kumpa mtu. Kila msichana aliyekuja kuuliza nilimwambia kina kunguni.

Sasa, miezi miwili kabla ya safari, aliniandikia: "Nimechoka. Jirani yangu hajanisalimia tangu nihamie. Nikiondoka hapa hakuna hata mtu atakayejua. Niulizie kama nafasi yangu bado ipo." Weee! Chai yangu ya karak sikuimaliza. Nilikuwa mlangoni kwa matroni kabla hajavua viatu vya barabarani. Matroni akatoa fomu, akasema ikiwa mezani kwake Jumapili asubuhi baada ya likizo yangu, na imetiwa sahihi, mtu wetu atarudi. Jumapili ndiyo siku yetu ya kwanza ya kazi. Nilisafiri na fomu hiyo kwenye mkoba pamoja na pasipoti na kibali cha kutoka nchini, na nilikuwa naikagua kila saa kuliko hivyo vingine viwili.

Mwenyeji wetu aliijaza yote usiku wa kwanza, jina, tarehe, kila kitu. Sahihi tu hakutia. Akaibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku.

"Nitaamua kabla hamjapanda treni," alisema.

"Kwani kuna nini cha kuamua?" nikamwuliza.

"Ebu kula ugali wako."

Sitajifanya mtu mwema hapa. Nilitaka arudi, basi. Tangu aondoke, mimi na wa Kampala tulikuwa tunagombania pasi, tunagombania dirisha, tunagombania nani aliacha taa ya choo. Yeye ndiye aliyekuwa akitufanya tucheke asubuhi kabla hatujakumbuka kununa. Kila nilipofungua friji kuchukua maziwa nilikuwa naiangalia ile fomu na kusema moyoni, tia sahihi, mama, tia sahihi twende zetu.

Alhamisi alitupeleka mlimani kuteleza. Kilima chenyewe kilikuwa kifupi, na chombo cha kutelezea kilikuwa trei ya plastiki. Watoto wa miaka mitano walikuwa wanashuka wamesimama. Rafiki yangu wa Kampala aliketi juu ya trei yake, akafunga macho, akasema "Yesu," na akashuka kinyumenyume hadi kwenye uzio wa mtu. Alipotolewa theluji masikioni, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba watu wa nchi hii wanalala na duveti bila shuka ya juu na ndiyo sababu Mungu amewapa hali ya hewa hii. Mwenyeji wetu alicheka hadi akalala chini kwenye theluji. Nikasema hapo amekwisha, huyu ni wetu.

Ijumaa aliondoka alfajiri kwenda kazini. Siku zake zote za mapumziko alikuwa amezimaliza kwa ajili yetu.

Sisi tukaamka, na bila mtu kumwambia mwenzake neno, tukaanza kujiandaa kwenda kanisani.

Unacheka, lakini nitakuelezaje? Kwa miaka saba Ijumaa yangu ilikuwa moja, maana Doha siku ya mapumziko ni Ijumaa na ibada ni hiyo hiyo Ijumaa. Unaoga, unavaa kitenge, unapanda basi kwenda Mesaimeer kwenye makanisa, unapanga foleni ya kukaguliwa mkoba, unangoja Wafilipino watoke ukumbini, unaingia, unaimba. Jumapili uko wodini unabadilisha dripu. Mwili umeshajua. Mimi nilitoa kitenge cha njano nilichokuwa sijakivaa safari nzima, yeye akatoa chake chenye tausi, tukavaa juu ya suruali mbili mbili na majaketi juu yake. Ndipo kengele ikaanza kulia.

Mesaimeer hakuna kengele. Tulisimama dirishani tukiisikiliza, na rafiki yangu akasema, "Nyabo, tumechelewa."

Tulikimbia, ikiwa kule kutembea kwenye barafu unaweza kukuita kukimbia. Tulifika mlango ukiwa karibu kufungwa. Mwanamume mwenye suti nyeusi akatupa kila mmoja karatasi yenye picha ya mzee anayetabasamu. Nikadhani ni mhubiri mgeni. Tukaingia benchi la nyuma. Watu walikuwa kama ishirini, wote weusi tititi kwa mavazi, kimya, hata kikohozi hakuna. Mbele kulikuwa na kitu kirefu cheupe kimefunikwa maua.

"Wamepamba madhabahu vizuri," rafiki yangu akanong'ona.

Nikaitazama ile madhabahu. Nikaitazama karatasi. Chini ya picha kulikuwa na miaka miwili, wa kuzaliwa na mwingine.

"Leo ni siku gani?" nikamwuliza.

"Ijumaa."

"Tuko wapi?"

Nilimwona akielewa. Macho yalimtoka, akayarudisha kwenye lile sanduku, halafu akanishika mkono. Na hapo ndipo penye shida yetu: sisi hatujui kutoka mazishini. Kwetu ukishaingia kwenye msiba umeingia, hata kama ulikuwa unapita tu, utakaa hadi mwisho na utakula. Kwa hiyo tulikaa, njano na tausi, katikati ya ule weusi. Walipoanza wimbo, tuni niliijua, na kwa kuwa wao walikuwa wanaimbia ndani ya shingo, nikawasaidia kwa Kiswahili. Sauti yangu si ndogo. Benchi la mbele waligeuka.

Halafu mwenzangu akalia. Yeye haendi msiba akarudi na macho makavu, awe anamjua marehemu au hamjui. Alianza taratibu, akapanda, akafika pale pa "Woi, mzee wetu!" na kifua kinatikisika. Nilimfinya. Hakusikia kufinywa, nguo zilikuwa nyingi.

Desturi yao ni kwamba mwishoni kila mtu anapeleka ua moja juu ya jeneza na kuaga. Babu aliyekuwa karibu nasi alikuwa na mawili, akatupa moja. Tulilipeleka wote wawili tumelishika kikonyo pamoja, kama maharusi wanaokata keki.

Nilidhani tutafukuzwa. Badala yake mjane, mama mfupi mwenye nywele nyeupe, alimkumbatia rafiki yangu pale pale mbele ya jeneza, kwa muda mrefu. Halafu tukapelekwa chumba cha pili kwenye kahawa, na keki ya mkate iliyopakwa samaki na mayonezi. Mwenzangu alifuta machozi na kwenda kupanga foleni. Mjane akaja kwangu. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole lakini safi.

"Mmetoka kwa yule dada wa kituoni," alisema. "Najua alinyimwa ruhusa ya kuja leo. Amewatuma ninyi, sivyo?"

Mungu anisamehe. Nikasema, "Ndiyo, ametutuma."

Akanishika mikono yote miwili. Aliniambia kwamba mumewe, mwaka wake wa mwisho, alikuwa amesahau majina ya wanawe, lakini akisikia hatua za dada yetu ukumbini anakaa sawa kitandani na kutaka kuchanwa nywele. Siku zake za zamu ndizo siku alizokula. Akafungua mkoba akatoa glavu za sufu nyekundu, zile ambazo vidole vinne vinalala chumba kimoja na gumba peke yake. Alikuwa amezifuma kandokando ya kitanda cha mgonjwa. "Mpe," alisema. "Mwambie Alhamisi zake za mapumziko sasa aje kwangu tunywe kahawa. Mwambie sina mwingine wa kunywa naye."

Nilizipokea. Nikaziweka kwenye mfuko wa kushoto wa jaketi langu, nikafunga zipu.

Na njia nzima ya kurudi, mwenzangu akieleza utamu wa ile keki, mimi nilikuwa na ile sentensi moja kichwani: nikiondoka hapa hakuna hata mtu atakayejua. Jibu lake lilikuwa mfukoni mwangu. Nikilitoa, fomu itabaki kwenye friji. Nisipolitoa hadi Jumamosi, tutalala tena chumba chetu cha zamani, watatu, na glavu ninaweza kuzituma kwa posta baadaye, nikisema nilisahau. Niliipanga hiyo "nilisahau" vizuri sana. Niliijaribu hadi kwa sauti.

Mwenyeji wetu alirudi saa kumi, nje giza limeshatanda. Mwenzangu akamsimulia yote akiigiza: kengele, madhabahu, ua. Mwenyeji wetu alicheka akaketi sakafuni na buti zake. Halafu kicheko kikaisha, akafuta macho, akaniangalia mimi.

"Mkewe alisema kitu?"

"Alishukuru kwa kuja," nikasema.

"Basi?"

"Basi."

Akanyanyuka, akateleka maji ya ugali. Baadaye kidogo simu yake ililia, akaipokelea kule kule jikoni kwa lugha yao. Sikuelewa kitu ila neno la asante, ambalo lilikuwa limeniingia kwa siku zile zote. Alilisema mara tatu. Aliporudi mezani aliniwekea kipande kikubwa cha nyama kuliko vya wenzangu, nami nikala, nikajiona mjanja.

Jumamosi alitusindikiza stesheni. Theluji ilikuwa inaanguka kiasi cha kufunga masikio. Alivuta begi langu mikono mitupu, imekauka na kupasuka kwa ajili ya kuosha wazee kutwa. Ubao ulionyesha dakika sita. Akatoa fomu ndani ya koti, akaikunjua, akaiegemeza juu ya begi.

"Haya," alisema. "Nipe kalamu."

Nesi hakosi kalamu. Yangu iko mfuko wa kushoto, siku zote, popote. Nikafungua zipu, nikaingiza mkono, nikashika sufu.

Nilikuwa nimeisikia kalamu pia, iko pale chini. Ningeweza kuitoa peke yake. Niliangalia ile mikono iliyopasuka ikishikilia karatasi isipeperuke na nikashindwa, jamani, nikashindwa. Nilitoa glavu.

"Ni za yule mama," nikasema. "Amekufumia. Anasema mumewe alikuwa anakaa sawa akisikia unakuja. Anasema Alhamisi uende ukanywe naye kahawa, hana mwingine. Alinipa jana. Nilikuwa nimekuficha."

Rafiki yangu wa Kampala alifungua mdomo na theluji ikamwingia.

Mwenyeji wetu hakushtuka. Alizivaa moja moja, akakunja na kukunjua vidole. "Zimenitosha," alisema. "Jana alipiga simu kuuliza. Nilimwambia zimenitosha sana."

"Ulijua?"

"Tangu jana. Nilikuwa nangoja nione utatoa kipi." Alisema hivyo bila ukali, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Ungetoa kalamu ningetia sahihi. Ningerudi Doha. Lakini chumba kimoja na wewe nisingelala tena."

Treni ikaja. Alitukumbatia wote wawili kwa pamoja, na zile glavu nyekundu nilizisikia mgongoni kupitia nguo zote nne. Hatukupata nafasi ya kusema zaidi. Mwenzangu alilia hadi uwanja wa ndege, kwa sauti, na safari hii sikumfinya, kwa sababu nilikuwa namsaidia.

Jumapili nilimrudishia matroni fomu yake, haina sahihi. Wiki ile ile alikuja msichana wa Eldoret kuuliza kama kuna nafasi chumbani, nikamwambia kitanda kipo na ni kisafi. Wa Kampala akaniangalia, akaenda kutafuta shuka, na akamtandikia mwenyewe kwa zile kona zake za hoteli.

Alhamisi ikaja picha kwenye simu: meza yenye kitambaa, vikombe viwili, glavu nyekundu kando. Nilikuwa kwenye kituo cha basi, barabara yote imechimbwa kwa ajili ya ile reli yao mpya, vumbi hadi kwenye meno. Nilimwandikia palepale, "Nilitaka tu urudi."

Alijibu baada ya saa nzima, labda kahawa ilikuwa imekwisha.

"Na mimi nilitaka," aliandika.