Ganda la Dawa Lililomtia Mzee Kiprugut Mashaka

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne. Lilian Chepkemei anafunga dirisha la duka la dawa mjini Nakuru ili upepo usimharibie kazi. Mbele yake kuna mizani ya shaba yenye visahani viwili. Kwa kibano anainua kidonge kilicholowekwa na kukaushwa, anakilaza taratibu kwenye kisahani kimoja.

Mzee Joel Kiprugut, mkulima wa viazi kutoka Kuresoi, ameinama hadi kofia yake inakaribia kugusa shaba.

"Mzee, rudi nyuma kidogo. Hata pumzi yako inasukuma."

"Na nikirudi nyuma, nitajuaje kama unaniibia?"

Ukiuza viazi kwa madalali miaka thelathini, mizani yoyote utaishuku. Lakini hapa hakuna wa kuibiwa. Chepkemei anataka jambo moja tu: mzee huyu wa miaka sitini na mmoja akubali kumeza dawa ya presha ambayo ameikataa kwa wiki tano. Alipopimwa juzi, presha ilikuwa 190 kwa 110.

"Na hiyo number, mtu anaweza kupooza akifunga viatu," ananiambia kando. "Na kosa lilianzia kwangu."

Chepkemei ana miaka ishirini na tisa. Ana stashahada ya famasia na ametoa dawa katika duka hili miaka sita, akitembea kila asubuhi kutoka Kaptembwo. Mwenye duka, Kirit, alirithi mizani hiyo kwa baba yake, enzi za kuchanganya marhamu nyuma ya kaunta. Siku hizi marhamu huja kwenye tyubu, na mizani hupanguswa vumbi tu.

Kisa chenyewe kilianza Januari mwaka huu wa 2008, barabara zilipofungwa kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Kiprugut alikuwa akimeza vidonge vitatu kwa siku. Vilimwishia, na mjini hakukufikika. Njia ilipofunguka, daktari alimwandikia dawa mpya, kidonge kimoja kwa siku nzima.

Hapo ndipo macho ya Chepkemei yanapochangamka. Anaweza kuacha chai ipoe akikueleza habari za polima, yaani kemikali za minyororo mirefu, ukoo mmoja na plastiki. Kidonge hicho kimefumwa kwa polima. Maji ya tumboni huingia polepole, dawa hutoka polepole, na ganda haliyeyuki. Safari ikiisha, ganda hutoka mwilini likiwa na umbo lilelile.

"Ni kama tibegi," anasema. "Chai umekunywa, lakini ile karatasi bado iko kwa kikombe."

Ni maelezo mazuri. Tatizo ni kwamba siku ile hakuyatoa. Aliandika kwenye bahasha "kimoja asubuhi, usivunje", akamwita mteja mwingine.

Wiki ya tatu, Kiprugut alikuwa shambani juu mlimani, mbali na choo cha nyumbani, haja ikambana, akajisitiri kwenye mahindi. Alipogeuka kufukia, akaona kidonge chake kizima.

"Nikajua hii ni feki. Imepita tu kama abiria," anasema.

Kwa nini hakurudi kuuliza? Mzee anaangalia sakafu. Chepkemei ni rika la bintiye wa mwisho. Katika malezi yake, mzee hasimami mbele ya msichana wa watu kumsimulia alichokiona baada ya haja. Hata mkewe, Chepchumba, hakumwambia.

"Ningemwanzia wapi? Nikaona afadhali nijitibu."

Alijitibu kwa jiwe la kusagia wimbi. Alifikiri kidonge kimekuwa kigumu mno kwa tumbo la mzee, akakisaga na kukoroga unga wake kwenye maziwa. Dawa ya saa ishirini na nne ikamwingia kwa mkupuo mmoja. Kabla ya saa nne alikuwa amelala kifudifudi kati ya matuta ya viazi, na majirani wakamkimbiza zahanati kwa mkokoteni.

Alipona, akaapa kutogusa tena dawa hiyo. Chepchumba ndiye aliyeliona jiwe lina unga mweupe, akambana hadi akasema yote. Kisha akapanda gari hadi Nakuru na kuyamwaga kwenye kaunta bila kupepesa macho.

"Nililia," Chepkemei anakiri. "Kuandika 'usivunje' ni rahisi. Kumwambia mtu kitu kitatoka, na kitatoka wapi, hiyo ndio niliona haya. Tulikuwa wawili wenye aibu."

Daktari alimpima mzee upya, akasema dawa ni ileile, imezwe nzima. Kiprugut akasema atasadiki akiona. Ijumaa akaja, akachagua kidonge mwenyewe, kikapimwa mbele yake: miligramu 310. Kikatiwa kwenye chupa ya maji, naye akafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa na uzi, fundo lake mwenyewe. Jumamosi maji yakamwagwa kupitia kitambaa hichohicho, na chupa ikaachwa juani dirishani.

Leo fundo amelifungua mwenyewe. Mizani inatulia. Miligramu 240.

Kiprugut anakibonyeza kidonge kwa ukucha. Kinabonyea. Umbo lilelile, rangi ileile.

"Kumbe ni gunia tupu," anasema kwa sauti ya chini.

Anaomba maji. Chepkemei anamwambia anaweza kumeza akifika nyumbani.

"Hapana. Nitamezea hapa. Nikianguka, nianguke kwa mlango wenu."

Anameza. Kirit anamletea kiti, na kwa saa nzima watu watatu wanamtazama mtu mmoja akisoma gazeti. Haanguki.

Tangu siku ile Chepchumba alipokuja, Chepkemei amejiwekea sheria: hakuna mzee anayeondoka na kidonge cha aina hii kabla ya kusikia habari ya ganda, wazi, jicho kwa jicho. Mwaka ujao anataka kuomba nafasi ya shahada ya famasia. Amesoma kwamba mahali fulani wanatafiti polima za kubeba dawa hadi kwenye uvimbe wa saratani tu, bila kugusa kwingine, na kwa kipimo cha mgonjwa mmoja mmoja.

Ninamuuliza yeye angetengeneza nini.

Anamtazama Kiprugut, anayetafuta kofia yake chini ya kiti.

"Ganda ambalo likimaliza kazi linayeyuka," anasema. "Kisibaki chochote cha mtu kuficha."