Maua ya Harusi Yaliyogoma Kwenye Ndoo

"Na majani yake makavu je? Hayo nayo ni yako, au yanakuwa yetu kwa sababu ya kufagia?"

Huyo ni mama yangu, saa moja asubuhi, mikono kiunoni, siku moja kabla ya kuozesha binti.

Anayegombezwa ni jirani yetu wa nyuma. Mtaa mzima tunamwita Mzee Mkasi, kwa sababu hujawahi kumkuta bila mkasi wa bustani mkononi. Hata dukani anaenda nao.

Na mimi? Mimi niko juu ya ngazi katikati yao, na gauni la kulalia, nimekumbatia ukuta kama mwizi aliyeghairi.

"Mama," anasema Mzee Mkasi kutoka upande wake, "sijazungumzia majani. Nasema binti yako asikate hayo maua."

"Yameangukia kwangu miaka tisa. Yangekuwa na adabu yangebaki kwako."

"Sikiliza kwanza..."

"Sisikilizi. Mwanangu, kata."

Nikakata. Ndoo nzima. Mzee akanitazama kwa huruma fulani hivi, mimi nikadhani ni uchungu wa maua yake.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkaniona mwehu.

Mimi ni mpambaji wa harusi. Sikusomea popote, nilianza kwa kufunga riboni kwenye magari ya watu, mdomo ndio ulionifikisha hapa. Safari hii bibi harusi ni mdogo wangu wa tumbo moja. Shangazi yetu, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ameshaagiza mawaridi meupe kwa muuza maua mmoja mwenye duka la vioo.

Nikayakataa mbele ya kamati nzima.

"Shangazi, hiki ni kiangazi. Mawaridi sasa hivi yanakuja yamechoka, yamelala kwenye friji kama samaki. Harusi inapambwa kwa maua ya msimu wake."

"Na msimu huu kuna maua gani, we mjuaji? Kila kitu kimekauka, hadi wewe."

Watu wakacheka. Mimi nikawapeleka nyuma ya jiko, nikawaonyesha ukuta.

Bogenvilia la Mzee Mkasi. Yale maua mepesi kama karatasi, zambarau inayopiga kelele. Jua likizidi ndio linachanua. Limepandwa kwake, ila nusu nzima limemwagikia kwetu.

Mdogo wangu akashika mdomo. "Hayo hayo, dada. Nataka hayo."

Mawaridi yakafutwa. Muuza maua akayapeleka harusi nyingine siku hiyo hiyo.

Tumeelewana? Maua mengine hakuna. Kuna ukuta, kuna mimi, na kuna maneno niliyosema.

Haya, turudi kwenye ndoo. Nikaiweka kivulini na maji baridi, nikaenda kubishana na watu wa viti. Kurudi saa sita, nakuta msiba.

Maua yote yamelala. Yamejikunja kama tishu iliyofutiwa pua.

Nikabadilisha maji. Nikakata vikonyo upya. Nikatia sukari. Nikayasemesha. Wapi.

Mdogo wangu akatoka ndani, nywele nusu zimesukwa nusu bado, akachungulia ndoo. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Dada, kesho nitakaa mbele ya nini?"

Jamani. Shangazi angenisimanga hadi nizeeke, hilo ningelibeba. Lakini huyu mtoto aliniamini mbele ya watu.

Nikazunguka mtaa hadi kwenye geti la Mzee Mkasi. Nikabisha huku nikiyaandaa magoti.

Akafungua, mkasi mkononi. "Yamelala?"

"Yamelala, mzee."

"Yalidumu hadi saa ngapi?"

"Saa sita nimekuta maiti."

"Basi leo yamejitahidi." Akanisogezea kigoda. "Haya maua hayafai kukatwa, mwanangu. Yakitoka kwenye tawi yamekwisha. Ndicho nilichotaka kusema asubuhi. Mama yako hakuniacha nifike kwenye sababu."

Nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Vilikuwa vichafu, nikaona aibu mara mbili.

"Sasa nifanyeje?"

"Wewe si ndiye mpambaji? Maua hayahami. Hamisha harusi."

Rahisi kusema. Ule ukuta kwetu uko nyuma kabisa. Pale kulikuwa na friji bovu, matairi mawili, banda la kuku na kamba ya nguo za ndani za ukoo mzima. Jukwaa la maharusi Shangazi alilipanga mbele, karibu na geti, wapita njia waumie roho.

Tukahamisha hivyo hivyo. Mashemeji walibeba friji kama jeneza, mmoja anawaongoza kwa wimbo wa kwaya. Kuku waliondoka wakilalamika. Shangazi akasema "mnaozesha mtoto jalalani" mara nane, nilihesabu.

Tulipomaliza, nikarudi nyuma hatua kumi nitazame.

Palepale watakapokaa maharusi, katikati ya ukuta, kulikuwa na kipara. Nilikokata ndoo yangu. Saruji tupu, ukubwa wa kitanda.

Usingizi sikuuona.

Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya harusi, nikaenda na shuka jeupe la kufichia aibu. Nikafika, nikasimama.

Kipara hakipo.

Ukuta mzima ni maua, yamemwagika hadi chini, mara mbili ya jana. Nikapanda ngazi, nikachungulia upande wa pili.

Kwa Mzee Mkasi kulikuwa kutupu. Kila tawi lililokuwa upande wake alilipindua juu ya ukuta, akalifunga kwa kamba, moja moja. Na lile dude lina miiba. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda anajipaka dawa, mikwaruzo imefika kwenye viwiko.

"Mzee, umejiachia ukuta mtupu."

"Huku hakuna harusi," akasema.

Nikashuka, nikamwita mama. Akapanda, akachungulia, akaona vile viwiko.

Mdogo wangu alikaa mbele ya ule ukuta kama vile jua limemchomozea yeye. Shangazi hadi leo anawaambia watu wazo lilikuwa lake. Mwacheni.

Mimi nilichojifunza ni hiki: mtu akikuambia "usifanye," funga mdomo wako kidogo umsikie kwa nini. Sisi tulimpigia kelele asubuhi nzima mtu aliyekuwa upande wetu.

Nikamwambia mama hivyo hivyo. Chakula kilipoanza kugawiwa, hakuonekana popote. Nikamkuta kwenye geti la Mzee Mkasi na mavazi yake yote ya mama wa bibi harusi, anagonga bati kwa pete. Na jina la mzee kwenye orodha ya wageni, mama mwenyewe ndiye aliyekuwa amelikata.

Mzee akafungua, akaficha mikono nyuma. "Mama, mimi nanuka dawa."

"Tutakupa kijiko," mama akasema. "Vaa shati, njoo ule. Meza yangu ina nafasi, na sili mpaka ukae."