Ukuta wa Ndiva

Jambo lile lilinigharimu shilingi mia mbili na sitini, mbuzi jike mmoja, na kaka yangu mkubwa, ambaye yu hai na anakaa ng'ambo ya mfereji. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilimsahau kaka.

Fedha zilikuwa za kukomboa shamba la migomba la mama, ambalo marehemu baba aliliweka rehani kwa jirani mwenye ng'ombe wengi. Makubaliano yalikuwa mepesi: nikilipa kabla ya mvua za vuli, shamba letu, mvua zikinitangulia, lake. Basi kila siku ya gulio nilishuka Same na ndizi kichwani, nikabishana na wanunuzi wa stesheni mpaka wakaichoka sura yangu, na faida nikaipandisha mlimani, kwenye benki ya ushirika wetu.

Benki yenyewe ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa ghala la kahawa: meza, kasha la chuma, na leseni ya serikali ya Mwingereza ukutani, nyuma ya kioo. Mwenyekiti alikuwa kaka. Leseni niliiamini kidogo, kaka zaidi, maana kioo huvunjika.

Kilichonitia wasiwasi ni pembe. Kwetu ikilia asubuhi ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu kwenye kazi ya wote, mara nyingi kutengeneza ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Zamani ililia mara mbili kwa mwezi. Mwaka ule kahawa ilikosa bei, ikawa inalia mara mbili kwa wiki, na walioitika hawakutoka kila nyumba. Nilipita na mkungu wangu nikawahesabu: kumi na tisa. Wiki iliyofuata, thelathini na mmoja. Wote niliwahi kuwaona wakikopa.

Ukuta wa ndiva ukapanda. Ukanipita kiuno, ukanipita kichwa, na maji bado yalikuwa ya kifundoni. Karani wa benki akaanza kunisalimia kwa furaha mno. Nikitaka fedha zangu, ufunguo uko kwa mwenyekiti, na mwenyekiti yuko shambani. Nilipombana kaka, akanijibu kwamba mwanamke anayehesabu sana hufukuza baraka. Nikamwambia baraka sizihesabu, hazijawahi kufika mbili.

Kisha akaja mkaguzi wa msajili wa vyama vya ushirika. Gari lilimshinda njiani, akafika kwa miguu, vumbi hadi magotini. Akafungua kasha: shilingi kumi na moja. Nilimpenda kidogo, kwa sababu alihesabu tena. Daftari lilisema mikopo yote imelipwa. Akauliza imelipwa kwa kitu gani. Kaka, bila aibu, akampeleka kwenye ukuta wa ndiva. Kwetu asiye na kitu hulipa kwa mikono yake, na kamati ya benki ilikuwa imeandika kila siku ya kazi kuwa shilingi moja. Hakuna aliyeiba hata senti. Nilitamani wangeiba, mwizi hukamatwa akiwa na kitu mkononi.

"Mzee," mkaguzi alisema taratibu, "mwenye akiba akija kudai, utampa jiwe?"

"Maji yakijaa, watu watavuna."

"Leo hayajajaa."

Akarudi chumbani, akaitungua leseni. Ukutani pakabaki mraba mweupe, na sote tukautazama kama vile ungetueleza kitu. Akatangaza kuwa benki imefutwa tangu saa ile, wenye madai wakaandikishe Moshi. Mbuzi nilimuuza kwa nauli. Karani wa Moshi aliligonga dai langu muhuri, akaniambia nisubiri, hakusema mpaka lini.

Niliporudi, jirani alikuwa akitembea katikati ya migomba yetu na kamba ya kupimia. Alinisalimia vizuri sana. Wingu la vuli lilikuwa limeshakaa juu ya mlima Shengena.

Nikaenda moja kwa moja kwa kaka. Ilikuwa siku yake ya nne amejifungia ndani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakufungua mlango.

Nikamwambia sikuja kudai fedha, najua hazipo. Lakini jirani anataka zizi la mawe la ng'ombe wake, nimemsikia kwa masikio yangu, na zizi laweza kulipa rehani.

"Watu thelathini na mmoja, kaka, kwa siku mia mbili na sitini, ni siku nane na kidogo. Nimehesabu mara mbili. Mliwafutia deni la fedha zangu kwa mikono yao, basi na mimi nilipwe kwa mikono hiyo hiyo. Pembe iko humo ndani kwako. Utaipiga wewe kesho, au unipe nikaipige mimi?"