Divai ya mjomba wangu kule Ufipa, na bibi aliyeitia maji ya moto

Wakuu, salamu kutoka nyanda za baridi.

Nimesoma mabishano yenu ya jana kuhusu divai tamu na divai kavu. Mimi sina upande. Nina kisa tu, nilichokiona kwa macho yangu Sumbawanga miaka ile ya soko huria. Sijakitia chumvi, na wapo humu waliokuwepo, watanisahihisha.

Mjomba wangu Gaspari alikuwa mtunza bustani wa mapadri. Huko ndiko alikojifunza kupogoa mizabibu na kukamua zabibu. Alipoacha kazi alirudi shambani kwake, njia ya Matai, na vipandikizi amevifunga kwenye gunia lililoloanishwa.

Wakati huo ruzuku ya mbolea imeondolewa, wenye mahindi wanahangaika.

Mjomba akarudia kilimo cha wazee: intumba. Kwa wasioijua, unakusanya majani, unapindua udongo juu yake, linakuwa tuta la duara, majani yanaozea ndani. Kila Mfipa analimia maharage namna hiyo. Yeye akapanda mizabibu.

Makapi ya zabibu yalirudi kwenye tuta. Chupa zilikuwa zile zile, za kuokota na kuchemsha. Siku hizi mngeiita organic na kuiwekea nembo. Yeye alisema hana hela ya mbolea, basi.

Tatizo lilikuwa mnywaji.

Maduka ya Sumbawanga yalikuwa yamejaa ghafla. Bidhaa ziliingia kwa barabara, nyingine kwa meli hadi Kasanga. Miongoni mwake kulikuwa na divai tamu za nje, zenye picha za maua. Vijana waliziita waini na kuziweka juu ya kabati, ikiisha chupa inabaki kama pambo.

Ya mjomba ilikuwa kavu, chachu, na rangi yake ina ukungu kidogo.

Nilikuwa na tabia ya kuulizauliza, nayo sijaiacha. Nikazunguka mitaa ya Malangali na Chanji na chupa yake kwenye mfuko wa kaki, namwonjesha kila anayekubali. Vijana walisema haina sukari. Wazee waliipokea, wakainusa, wakanirudishia. Divai ni ya padri, walisema, wao wana kimpumu chao. Hiyo ni pombe yetu ya ulezi, inanywewa kwa maji ya moto.

Niliyasikia yote hayo na sikuyaunganisha.

Mkewe mjomba, Mama Kristina, alikuwa amevumilia vya kutosha. Lile ndilo lilikuwa shamba lao zuri kuliko yote. Akatamka mbele yetu, akiwa anapepeta mahindi:

"Harusi ya Kristina wetu ndiyo nafasi ya mwisho. Wakiinywa, mizabibu yako ibaki. Wasipoinywa, nang'oa, napanda maharage."

Mjomba alitoka, nikamwona anakwenda kushikashika matawi kama mtu anayekagua ndama.

Harusi ilikuwa Chanji, katikati ya kipupwe. Wanaoijua Sumbawanga mwezi wa sita wanajua upepo wake. Kamati ya vinywaji ilikuwa chini ya mshikaji wangu Deo, na tulivutana sana.

"Kaka, waini ya mjomba wako inakunja uso," aliniambia. "Unataka bibi harusi atoke kwenye picha amenuna?"

Tukakubaliana meza kuu ipate za dukani. Ya mjomba iende nyuma, kwa wazee, pembeni ya kimpumu.

Ilikaa pale. Mjomba alisimama karibu na mlango, suti ya kuazima, anahesabu vikombe kwa macho. Mama Kristina naye alikuwa anaangalia vikombe hivyo hivyo kutoka upande wa jikoni.

Sasa, kwenye meza ya kimpumu huwa kuna chupa za chai zenye maji ya moto. Bibi Perpetua, mama wa mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, alimiminiwa divai kwenye kikombe cha bati. Hakuuliza. Alivuta chupa ya chai, akaitia maji ya moto mpaka mvuke ukapanda.

Mjomba alifika pale kama aliyeona mtoto anachezea moto.

"Shikamoo mama. Samahani, hiyo ni divai, si kimpumu."

"Marahaba. Na mimi ni Mfipa, si padri," alisema. "Baridi hii unataka ninywe kitu baridi?"

Meza nzima ikacheka. Bibi akanywa, akanywa tena. Kisha akampa jirani yake kikombe, kama wanavyopeana kimpumu, na kumwambia abakize kidogo.

Nilikwenda nami nikaonja. Wakuu, ule uchachu ulikuwa umelainika. Harufu ya zabibu, ambayo kwenye baridi ilikuwa imelala, ilipanda puani.

Meza ile ikamaliza chupa zote, wakaanza kudai nyingine. Vijana walikuja kucheka, baadhi wakabaki na vikombe. Siyo wote. Deo alishikilia chupa yake ya maua mpaka mwisho.

Tulipokuwa tunakusanya vyombo, mjomba alikuwa bado hana raha. Alilalamika kwamba wameiharibu, mapadri wangemcheka.

Mama Kristina alikuwa anasuuza vikombe. Hakugeuka.

"Sing'oi," alisema. "Ila mwakani usihangaike na chupa. Leta birika."

Nilichojifunza: nilizunguka mji mzima nikiuliza watu divai ina kasoro gani, sikuuliza hata mmoja huwa anakunywaje. Ladha ilikuwa tayari ipo pale Ufipa, inasubiri maji yachemke.

Mizabibu bado ipo, anaitunza binamu yangu.

Haya, wenzangu wa Njombe, Makete, Lushoto, kwenye baridi: kuna aliyewahi kuipasha divai? Na wa Dodoma, wenye mizabibu yenu, mnitukane taratibu.